Je, jukwaa la uunganishaji litatuwezesha kubadilisha programu moja bila kuvuruga nyingine?

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni meneja wa uendeshaji katika kampuni ya kusambaza vipuri. Tunatumia programu sita: uhasibu, stoo, duka la mtandaoni, kumbukumbu za wateja, mishahara na usafirishaji. Zinaongea kwa skripti alizoandika kijana mmoja ambaye alishaacha kazi. Mwezi uliopita wenye programu ya stoo waliisasisha, na kwa siku tatu oda za mtandaoni hazikuingia stoo. Hatukujua mpaka wateja walipoanza kupiga simu. Sasa nina wauzaji wawili. Wa kwanza anasema tutupe zote, tununue mfumo mmoja mkubwa unaofanya kila kitu. Wa pili anauza jukwaa la uunganishaji, na anasema tukiwa nalo tutabadilisha programu yoyote kama mtu anavyobadilisha balbu. Mkurugenzi anataka jibu. Nani anasema kweli? Na hilo jukwaa linafanya nini ambacho skripti zetu hazifanyi?"

Jibu: Nimelisoma swali lako mara mbili, ndugu yangu, na kilichonishika ni zile siku tatu. Programu kusasishwa ni jambo la kawaida, na skripti kukatika baada ya hapo nako hakushangazi. Ila oda kutofika siku tatu nzima, kisha habari ikaletwa na wateja wenyewe, hilo ndilo la kumkosesha mkurugenzi usingizi. Kwa hiyo kila ahadi ya wauzaji wako nitaipima kwa swali moja: ingewafaa nini siku zile?

Tuanze na balbu, kwa kuwa ndiyo iliyokuvutia. Balbu hubadilishwa kirahisi kwa sababu kuna watu walikaa wakakubaliana kipimo cha soketi. Ile ya skrubu iitwayo E27 ina kipenyo cha milimita 27, na kiwanda chochote kikifuata kipimo hicho balbu yake itaingia. Programu za biashara hazina soketi ya namna hiyo. Chukua neno "mteja" peke yake. Kwa programu ya uhasibu, mteja ni yule anayeandikiwa ankara. Kwa usafirishaji, ni mlango unaopelekewa mzigo. Kwa duka la mtandaoni, ni barua pepe na nenosiri. Gereji moja yenye matawi manne ni mteja mmoja kwa mhasibu, wateja wanne kwa dereva, na huenda ni 11 dukani, maana kila fundi alijisajili kivyake. Jukwaa halizaliwi likijua mambo hayo. Lazima mtu alieleze. Muuzaji wa pili hasemi uongo, ila anakuuzia soketi huku akijua ukutani bado hakuna waya.

Sasa tuangalie skripti za yule kijana, yaani vile vijiprogramu vifupi vya kuhamisha data. Kila skripti ni njia ya moja kwa moja kati ya programu mbili, na ili ifanye kazi lazima ijue siri za pande zote mbili: jina la kila sehemu ya data, namna tarehe inavyoandikwa, nenosiri la kuingilia. Programu sita zikiunganishwa kila moja na kila nyingine, njia zinafika 15. Zikiwa 10, njia ni 45; zikiwa 12, ni 66. Ninyi bila shaka hamna zote 15, kwani mishahara haina la kuzungumza na duka la mtandaoni, lakini hizo mlizo nazo zimefungana vya kutosha. Wenye stoo wakibadilisha hata jina la sehemu moja tu, kila skripti iliyolizoea jina la zamani inabaki ikibisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Jukwaa hukaa katikati. Kila programu huunganishwa nalo mara moja tu, kwa adapta yake. Oda ikiandikwa dukani, adapta ya duka huitafsiri iwe katika lugha ya pamoja, yaani umbo la "oda" ambalo kampuni yenu imekubaliana: namba yake, mnunuzi, vipuri, idadi, bei, mahali pa kupeleka. Adapta ya stoo huichukua hapo na kuitafsiri kwa lugha ya stoo, na adapta ya uhasibu hufanya vivyo hivyo kwa upande wake. Duka halijui stoo inatumia programu gani, wala halina haja ya kujua. Mkiamua mwakani kubadilisha programu ya stoo, mnaandika adapta moja mpya, na duka, uhasibu na usafirishaji havihisi kitu. Huo ndio ukweli uliomo ndani ya mfano wa balbu, na si mdogo. Ni tofauti ya kugusa kitu kimoja badala ya kupekua skripti zote usiku kucha.

Je, mngekuwa na jukwaa mwezi uliopita, oda zisingekatika? Zingekatika. Nakwambia wazi kwa sababu muuzaji hatakwambia. Stoo ilipobadilika, adapta yake nayo ingeshindwa, kama skripti zilivyoshindwa. Tofauti ingekuwa katika yale yanayofuata. Skripti ya kawaida humwita mwenzake, asipopokea hukata simu na oda ikaishia hapo. Jukwaa huweka kila ujumbe kwenye foleni. Likishindwa kuufikisha, husubiri sekunde moja, kisha mbili, kisha nne, kisha nane, likiongeza muda kila mara ili lisiizidie nguvu programu inayojikokota kuamka. Majaribio mliyopanga yakiisha, ujumbe hutolewa kwenye msururu na kuwekwa kando, kwenye foleni ya zilizokwama, huku kengele ikilia kwenye simu ya mtu mwenye zamu. Oda zote za siku ile zingekuwepo, zinasomeka, zikisubiri adapta irekebishwe zitumwe upya. Siku tatu zingeweza kuwa saa tatu, na hakuna mteja ambaye angepiga simu.

Kuna jambo hapa ambalo kwenye maonyesho ya mauzo hupitiwa mbio. Kujaribu tena huzaa marudio. Tuseme stoo imepokea oda na kutenga vipuri, kisha mtandao ukakatika kabla ya jibu kurudi. Jukwaa litajuaje kama oda ilifika? Haliwezi kujua. Ni fumbo la zamani ambalo mwanasayansi wa kompyuta Jim Gray aliliita, mwaka 1978, tatizo la majenerali wawili: majeshi mawili yanayotaka kushambulia kwa pamoja yako kwenye vilima viwili, adui yuko bondeni katikati, na kila mjumbe anayetumwa anaweza kukamatwa njiani. Hata watumiane majibu mara mia, hakuna atakayekuwa na hakika kwamba mwenzake amepata neno la mwisho. Kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba jukwaa lake hufikisha kila ujumbe mara moja tu na kwa hakika, mwombe akueleze kwa utaratibu linavyofanya. Jibu la kweli ni kwamba ujumbe unaweza kufika mara mbili, na dawa yake ni kuipa kila oda namba ya pekee tangu inapozaliwa, kisha upande unaopokea uangalie kama namba hiyo ulishaiona. Ikiwa programu yenu ya stoo haiwezi kuangalia hivyo, adapta iangalie kwa niaba yake. Bila hilo, siku mtandao ukisumbua, gereji moja itapelekewa seti mbili za breki na kudaiwa zote mbili.

Hata hivyo, kengele hulia pale tu kitu kinaposhindwa kwa kelele. Yapo makosa yasiyo na sauti. Mwaka 2020 nchini Uingereza, taasisi ya afya ya umma ilikuwa ikipokea matokeo ya vipimo vya Uviko-19 kutoka maabara kwa njia ya mafaili, na njiani yalipitia kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, XLS, ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ikadondoka kimya kimya. Visa 15,841 vya kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba havikuingia kwenye takwimu za kila siku, na watu waliokutana na wagonjwa hao wakachelewa kufuatiliwa. Faili lilifunguka na kila hatua ikajiona imefaulu. Ndiyo maana nasisitiza kitu ambacho wahasibu wenu wanakijua kuliko wahandisi: usuluhisho. Wao hulinganisha daftari lao na taarifa ya benki. Fanyeni hivyohivyo kila usiku kati ya duka na stoo: zimetoka oda ngapi, zimeingia ngapi, zipi zimebaki njiani. Kazi hiyo inaweza kuanza wiki hii, kwa programu mlizonazo, bila kununua chochote. Mngekuwa nayo, mngegundua usiku wa kwanza.

Nimgeukie muuzaji wa kwanza, maana naye ana hoja. Mfumo mmoja mkubwa una kanzidata moja, yaani ghala moja la data. Oda ikiandikwa, stoo inapungua na uhasibu unaandika ndani ya muamala uleule. Ama yote yanafanyika, ama hakuna linalofanyika. Programu zikiwa mbalimbali, raha hiyo haipo. Fedha ya mteja imeshakatwa, kisha stoo inajibu kwamba kipuri kilichukuliwa dakika mbili zilizopita. Hapo huwezi kufuta tu. Lazima uwe na hatua ya kutengua: rejesha fedha, futa ankara, mjulishe mteja. Mwaka 1987 Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem waliupa utaratibu wa aina hii jina la saga: mlolongo wa hatua, kila moja ikiwa na hatua ya kuitengua endapo ya mbele itakwama. Jukwaa zuri litauendesha mlolongo huo bila kuchoka, lakini kuamua nini kinatenguliwa na nani anamwomba radhi mteja ni kazi yenu, tena ni kazi ya watu wa biashara kuliko mafundi.

Udhaifu wa mfumo mmoja unajulikana. Utaratibu wenu itabidi uifuate programu, badala ya programu kuufuata utaratibu wenu. Duka la mtandaoni linalokuja na mfumo mkubwa mara nyingi limewekwa ili lisikosekane tu. Halafu kuna siku ya kuhama, na hiyo ndiyo inayonitisha. Benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake wapatao milioni tano kwenda mfumo mpya katika wikendi moja ya Aprili 2018. Wateja wanaofikia milioni 1.9 walijikuta wamefungiwa nje ya akaunti zao, hali haikutengemaa kabisa mpaka Desemba, na mwaka 2022 wasimamizi waliitoza faini ya pauni milioni 48.65. Wale walikuwa benki, wenye idara nzima za teknolojia. Ninyi mna nani?

Maoni yangu, kwa hayo uliyonieleza: msitupe zote. Lakini pia msichukulie kwamba lazima sita zibaki sita. Kama programu ya stoo na ya uhasibu zote zimewachosha, kuzileta hizo mbili chini ya mfumo mmoja na kuacha duka, usafirishaji na mishahara vikiunganishwa kwa jukwaa ni njia halali kabisa. Vitu vinavyohitaji kukubaliana papo hapo vikae pamoja. Vinavyoweza kusubiri dakika chache vikae mbalimbali. Wauzaji hawapendi jibu hili, kwa sababu linampa kila mmoja nusu ya alichotaka.

Mkienda njia ya jukwaa, kuna mtego, nami nimeshanasa humo. Zamani niliwajengea watu mfumo wa namna hii, na mkuu wa mauzo akaniomba punguzo maalumu kwa wateja fulani. Kuliweka ndani ya programu ya mauzo kungechukua wiki mbili. Kuliweka kwenye jukwaa, kati ya adapta na adapta, kulichukua mchana mmoja. Nikaliweka. Baada ya hapo kila idara ikaja na ombi lake, na kila ombi lilikuwa la mchana mmoja. Miaka miwili baadaye hakuna aliyeweza kueleza kwa nini mteja fulani anapata asilimia saba. Kanuni za biashara zilikuwa zimejificha ndani ya mabomba. Walipotaka kubadilisha jukwaa lenyewe, hawakuweza. Tulikuwa tumejenga upya lile jabali la mfumo mmoja mkubwa tulilolikimbia, safari hii bila hata menyu. Tangu hapo nina msimamo: jukwaa litafsiri, lielekeze, lipange foleni, likumbuke, lipige kengele. Kuamua bei, mkopo au punguzo kubaki ndani ya programu yenye dhamana nayo.

Na dhamana hiyo ndiyo kazi ya kufanya kabla ya kusaini chochote. Chukueni karatasi, wakae watu wa stoo, mauzo, uhasibu na usafirishaji, mwandike kwa kila aina ya data ni programu ipi yenye neno la mwisho. Idadi iliyopo: stoo, hilo ni rahisi. Bei: duka au uhasibu? Anwani ya kupeleka mzigo: aliyoandika mteja dukani au aliyosahihisha dereva baada ya kupotea? Kwa biashara yenu kuna gumu zaidi, nalo ni namba za vipuri. Mtengenezaji huibadilisha namba, ya zamani na mpya zikawa za kitu kilekile, na stoo mna namba yenu wenyewe juu ya hizo. Nani anatunza orodha ya kipi ni sawa na kipi? Kama jibu ni "mzee wa stoo anazijua kichwani", basi huyo ndiye kipande cha mfumo wenu kilicho muhimu kuliko vyote, na hana nakala. Mabishano katika kikao hicho yatakuwa makali, na ni heri yatokee mezani kuliko ndani ya adapta, ambako yatamalizwa na mhandisi anayekisia. Melvin Conway aliandika mwaka 1968 kwamba mifumo inayobuniwa na taasisi huishia kufanana na njia za mawasiliano za taasisi yenyewe, na sijawahi kuona kampuni iliyomkosoa kwa vitendo.

Usalama sitauzungumza kwa kirefu, ila kuna la leo leo: maneno ya siri yaliyomo kwenye skripti za yule kijana, badilisheni. Simtuhumu kwa lolote. Ni kwamba mlango ambao funguo zake hamjui ziko wapi si mlango. Jukwaa hukusanya funguo zote mahali pamoja, jambo linalorahisisha ulinzi na pia linamrahisishia mwizi, kwa hiyo kila adapta ipewe ruhusa ndogo kabisa inayoitosha: ya duka isome idadi ya stoo, lakini isiweze kugusa mishahara.

Kuhusu gharama, ulizeni wanatoza kwa nini hasa. Wengine huhesabu ujumbe, na hapo majaribio ya kurudia nayo huingia kwenye bili. Wengine huhesabu adapta. Ulizeni pia mtatokaje: michoro ya njia zenu inaweza kuhamishwa, au inasomeka ndani ya jukwaa lao tu? Yapo ya chanzo huria, kwa mfano Apache Camel, iliyopo tangu 2007, ambayo haina ada ya leseni ila inataka mhandisi anayeandika msimbo na kuuelewa. Kama hamna mtu wa kuajiri au kumfundisha, la kulipia lenye skrini za kuburuta na kuunganisha litawaongezea gharama kidogo kila mwezi na kuwaokoa mengine. Kwa vyovyote vile lazima awepo mtu mmoja, mwenye jina, anayelisimamia. Jukwaa lisilo na mwenyewe baada ya mwaka linakuwa kama zile skripti, ila limewagharimu zaidi.

Wakati gani kumwita mtu aje ofisini? Mimi ningemwita sasa, kabla ya mkataba wa miaka mingi, kwa kuwa hakuna kati yenu anayeweza kuzisoma skripti zilizopo. Mtafuteni mhandisi wa mifumo asiyepata kamisheni kwa muuzaji yeyote kati ya hao wawili. Akae siku mbili au tatu, afuate oda moja kutoka inapobonyezwa dukani mpaka dereva anapochukua saini, aandike kila mahali data inapobadilishwa umbo. Msiliamue kwa maandishi, hata haya yangu, jambo lolote linalogusa fedha za wateja, kodi au mishahara.

Mkianza, anzeni na njia moja tu: duka kwenda stoo, hiyohiyo iliyowaumiza. Jengeni adapta mbili, ziendeshwe sambamba na skripti ya zamani kwa wiki kadhaa huku zikiandika tu bila kugusa stoo, mlinganishe matokeo, kisha mzime skripti. Baadaye nenda njia inayofuata. Martin Fowler mwaka 2004 aliufananisha utaratibu huu na miti aliyoiona Australia, inayoota juu ya mti mwingine na kuuzunguka taratibu kwa mizizi yake, mpaka ule wa ndani ukatoweka na wa nje ukasimama wenyewe. Ni polepole, na mkurugenzi atauliza mbona haijaisha. Mwoneshe usuluhisho wa kila usiku.

Kwa sasa, mwambie muuzaji wa pili aje na onyesho la aina yako. Atume oda 20. Katikati, zima stoo. Oda moja iwe na namba ya kipuri isiyokuwepo, nyingine itumwe mara mbili kusudi. Kisha washa stoo, umwombe akuonyeshe kwenye skrini yake oda zimefika ngapi, iliyokosewa iko wapi, ile ya mara mbili imeishia wapi, na kengele ilimlilia nani saa ngapi. Wa kwanza naye mwombe akuonyeshe, kwa data yenu na si ya mfano, siku ya kuhama itakavyokwenda na mtakavyorudi nyuma ikishindikana. Ukishapata majibu yao na ile karatasi ya nani ana neno la mwisho, niandikie tena. Nitakuwa na mengi zaidi ya kukwambia nikiisoma karatasi hiyo kuliko nikijua majina ya majukwaa.